Anayeuguza Naye Ana Mwili



Siku mgonjwa wa moyo anaporuhusiwa kutoka wodini, daktari huwa na mengi ya kusema na foleni ndefu inamngoja nje ya mlango. Apunguze chumvi. Maji asinywe kupita kiasi alichopangiwa. Dawa hii asubuhi, hii asubuhi na jioni, hii nusu kidonge. Apime uzito kila siku. Arudi kliniki baada ya wiki mbili, na akianza kuvimba au kuhema usiku aletwe haraka. Maneno yote hayo anaambiwa mgonjwa aliyeketi kitini, lakini mgonjwa amechoka, anawaza kufika nyumbani tu. Anayeyapokea hasa ni yule aliyesimama nyuma yake na mfuko wa dawa mkononi: mkewe, binti yake, mdogo wake, mama yake. Hakuna aliyemwuliza kama ataweza. Hakuna aliyemwuliza analala saa ngapi, anaishi kwa kazi gani, au kama naye ana presha.

Jioni ya leo namzungumzia mtu huyo. Tiba ya moyo katika nchi yetu ya Tanzania inamtegemea yeye kuliko inavyomtegemea mtaalamu yeyote, na bado jina lake haliandikwi kwenye faili lolote. Tukiendelea hivi, kila tukimrudisha nyumbani mgonjwa mmoja tunaanza kumtengeneza wa pili.

Sisemi haya kudharau kilichofanyika. Kabla ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kuanzishwa mwaka 2015 pale hospitali ya Muhimbili, baadhi ya wagonjwa waliohitaji upasuaji mkubwa wa moyo walipelekwa India, na wengi zaidi hawakupelekwa popote. Leo valvu zinabadilishwa Dar es Salaam, na watoto waliozaliwa na matundu kwenye moyo wanafanyiwa upasuaji hapahapa. Ni jambo la kujivunia. Lakini upasuaji una siku yake, unapita. Moyo ulioshindwa kufanya kazi sawasawa hauna siku ya kumalizika. Mtu anaishi nao miezi, anaishi nao miaka, na anaishi nao nyumbani, kwenye chumba chenye watoto, kwenye uwanja wenye wapangaji wengine.

Na nani hasa anaugua? Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia watu 427 ambao mioyo yao imeshindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na karibu nusu yao chanzo kilikuwa shinikizo la damu. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2012, ulichukua wagonjwa 1,006 kutoka nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na wastani ulikuwa miaka 52. Huko Ulaya na Marekani ugonjwa huu kwa kawaida unawapata watu waliokwishapita miaka 70, wamestaafu, watoto wao wanajitegemea. Kwetu anayeanguka ni fundi, dereva, mwalimu, mama mwenye genge. Ada za shule bado hazijaisha. Kwa hiyo yule anayemwuguza anapokea mambo mawili kwa mpigo: kazi ya kuuguza, na pengo la mapato ya anayeugua.

Niruhusu nikuingize kwenye nyumba moja ya Mbagala, Dar es Salaam. Nimeiunganisha kutoka nyumba kadhaa ninazozijua, ili nisimwanike mtu. Baba ni seremala, ana miaka hamsini na kitu. Mama anakaanga vitumbua barazani kila alfajiri. Watoto wako wanne.

Saa nane za usiku baba anaamka akihema. Anakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mikono magotini, mdomo wazi akitafuta hewa. Mchana kutwa maji yaliyojikusanya mwilini yalikuwa yameshuka miguuni. Alipolala chali yakarudi kifuani. Mama anafungua dirisha, anamwekea mito mgongoni, anampepea kwa jalada la daftari la mtoto. Hasemi kitu, maana amekwishajifunza kuwa mtu anayetafuta pumzi hapendi kuulizwa maswali. Baada ya nusu saa pumzi inatulia, na baba anataka kwenda haja ndogo. Choo kiko nje, nyuma ya nyumba, na taa ya uani imeungua. Wanakwenda wote wawili, mkono wa baba begani kwa mama, kandambili zikiburuzika polepole. Wakirudi, baba anasinzia akiwa ameegemea ukuta. Mama halali tena. Anasikiliza. Saa kumi anatakiwa awashe jiko, kwa sababu unga umeshaumuka na wateja wa kwanza, makondakta na wanafunzi, hawangoji mtu.

Kusikiliza huko kunachosha kuliko kufua na kuliko kubeba. Mwanamke mmoja aliniambia kwamba hata akiwa uani anaosha vyombo, anajua kwa kikohozi cha mumewe chumbani kama leo maji yamepanda. Miezi mingapi mtu anaweza kuishi sikio moja likiwa chumbani kwa mgonjwa?

Asubuhi kuna kupima uzito. Mwongozo wa madaktari ni huu: mgonjwa akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, maji yanajikusanya mwilini, asingoje siku ya kliniki. Ni kanuni nzuri, inaokoa watu, ila inataka mzani, na mzani katika nyumba nyingi haupo. Mama anatumia kidole. Anabonyeza muundi wa mumewe kwa dole gumba, anahesabu polepole, anatazama kishimo kinachobaki na muda kinaochukua kurudi. Anatazama mikanda ya kandambili imeacha alama gani. Anatazama suruali inafungwa tundu la ngapi la mkanda. Hayo ni maarifa ya kitabibu, amejifundisha mwenyewe, na anapofika kliniki hakuna anayemwuliza ameona nini.

Sasa twende jikoni, maana jikoni ndiko kwenye vita kubwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na ushauri huo ni kwa watu wote, wazima na wagonjwa. Nyumba yetu ina jiko moja la mkaa na watu sita. Mama apike sufuria mbili? Mkaa wa kufanya hivyo haupo. Akipika chukuchuku, watoto wananuna na baba anaisukuma sahani. Akitia chumvi, miguu inavimba. Na chumvi haikai kwenye kopo lake tu. Imo kwenye viungo vya pakiti tunavyotia kwenye mchuzi, imo kwenye mkate, imo kwenye ng'onda. Na magadi je? Hili nalisema taratibu kwa sababu wengi hawaambiwi: magadi tunayotia kwenye maharage, makande au kisamvu ili viive upesi yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, ambayo mgonjwa anatakiwa aikimbie. Nimekutana na familia iliyofuta chumvi kabisa jikoni, ikala maharage ya magadi karibu kila siku, na ikashangaa uvimbe haushuki. Mpishi hakuwa mzembe. Hapakuwa na mtu aliyekaa naye dakika kumi akamwuliza anapikaje.

Kisha anaingia wifi. Amekuja kumwona kaka yake, jambo jema, na amebeba kifurushi cha samaki wakavu aliotoka nao Kilwa. Anamtazama kaka yake, anaona mashavu yameingia. "Wifi, kaka yangu mbona amekonda hivi? Hata chumvi unamnyima?" Baba, ambaye hajaonja kitu chenye ladha kwa wiki tatu, anakula kwa furaha iliyo wazi usoni. Mama angesema nini? Angemnyang'anya sahani mbele ya dada yake? Siku ya tatu baba anarudishwa hospitali anahema, na kwenye benchi la mapokezi wakwe wanaanza kunong'ona kwamba mgonjwa hatunzwi vizuri.

Nimewasikia wanawake wengi wakisema kwamba lawama hiyo ndiyo inayowauma kuliko kukesha. Wanabeba mzigo, kisha wanashtakiwa kwa mzigo uleule. Kama wewe msikilizaji ni wifi, shemeji, mama mkwe au baba mkubwa katika nyumba yenye mgonjwa wa moyo, nakuomba kabla hujatoa lawama ulale pale usiku mmoja.

Siku ya kliniki nayo ina mambo yake. Dawa ya kukojoza, ile furosemaidi, huanza kazi ndani ya saa moja baada ya kumezwa na huendelea kama saa sita. Sasa fikiria mtu aliyeimeza alfajiri, kisha akapanda daladala Mbagala kwenda mjini, foleni imekaza, ameshonana na watu. Mgonjwa anaogopa kuaibika njiani, kwa hiyo siku ya kliniki haimezi. Daktari anamkuta amejaa maji, anadhani dozi haitoshi, anaongeza. Mkewe aliyeketi pembeni anajua kilichotokea lakini ameonywa asiseme. Madaktari na wauguzi mnaonisikiliza, ulizeni swali hilo kila mara: leo umemeza ya kukojoza kabla ya kutoka nyumbani? Mwulizeni na aliyekuja naye. Mara nyingi dozi hiyo inaweza kusogezwa siku ya safari, ila hilo lipangwe na daktari, lisiamuliwe na woga wa kukwama barabarani. Mwezi wa Ramadhani nao unaleta mtihani wa aina hiyo: mgonjwa anataka kufunga, dini imempa ruhusa ya kutofunga, lakini mke anaona uzito kumwambia mumewe ale mchana. Asiachiwe peke yake. Shehe na daktari wamsaidie kulisema.

Kuna jambo jingine katika ugonjwa huu ambalo watu hawalielewi mpaka walipitie, nalo ni kupanda na kushuka. Moyo una tabia yake. Wiki hii mgonjwa amelazwa, ana oksijeni puani, daktari ameita ndugu, shangazi amepanda basi kutoka Songea, kaka amekopa nauli kutoka Mwanza, watu wameanza kuulizana kwa chini habari za mazishi. Wiki inayofuata mgonjwa ameketi barazani, amenyolewa, anauliza matokeo ya mpira. Shangwe inakuwa kubwa. Ndugu wanarudi makwao wakisema Mungu mkubwa, amepona. Lakini hakupona. Maji yametoka tu, moyo ni uleule. Miezi mitatu baadaye anaanguka tena, na safari hii waliokuja mara ya kwanza hawana nauli, tena kimoyomoyo wanasema huyu atainuka kama kawaida yake. Wanaokuja ni nusu. Mara ya nne anakuja mmoja. Na siku ya mwisho yenyewe, ambayo kwa ugonjwa wa moyo inaweza kufika ghafla mchana kweupe bila kutoa taarifa, anakuwepo yule wa siku zote peke yake.

Anayeuguza anaishi na hilo kila siku. Hajui apange nini. Akubali kazi ya mkataba wa miezi sita? Ampeleke mtoto bweni? Alipie kodi ya mwaka? Hawezi kuomboleza kwa sababu mtu yupo hai, na hawezi kutulia kwa sababu hajui usiku wa leo utakuwaje. Wenzi wengi wanaogopa hata kugusana. Mke anaogopa kwamba tendo la ndoa litamwua mumewe, mume anaogopa kusema kuwa nguvu zimepungua, na huenda sababu ni dawa. Wanaacha kulizungumza. Daktari naye haulizi, wao wanaona aibu kuuliza, na miaka inapita watu wawili wanalala kitanda kimoja kama wageni. Ulizeni, jamani. Ni swali halali la kitabibu na lina majibu.

Fedha sitazisema kwa kirefu kwa sababu kila anayenisikiliza anazijua: vipimo, dawa za kila mwezi zisizokoma, nauli za watu wawili, chakula cha kupeleka wodini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na naitazamia kwa matumaini makubwa. Ila bima, hata ikikamilika, itamlipia mgonjwa dawa. Hailipi vitumbua ambavyo havikukaangwa asubuhi ya kliniki, wala marejesho ya kikoba yaliyopita tarehe. Mtoto aliyeko Maskati au London anatuma pesa, Mungu ambariki, lakini anatuma na maagizo kwa simu: mbona hajapelekwa hospitali fulani, mbona mnampa dawa hizi, nimesoma mahali kwamba. Mama anajibu kwa upole, anakata simu, anarudi kufua shuka.

Wanaouguza wengi ni wanawake. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu kazi za utunzaji, lilionyesha kwamba wanawake wanafanya asilimia 76.2 ya kazi zote za utunzaji zisizolipwa duniani. Wapo wanaume wanaouguza, na ninawaheshimu sana, hasa kwa kuwa wengi wanafanya kwa siri: kijana anayemwogesha mama yake na asiwaambie wenzake kijiweni, mume anayempikia uji mkewe aliyepata moyo kutanuka baada ya kujifungua. Na wapo watoto. Binti wa darasa la sita anayebaki nyumbani Jumatatu na Alhamisi kwa sababu mama yuko sokoni na bibi hawezi kuachwa peke yake. Mwalimu anaandika "mtoro". Naomba walimu mwulize kwanza.

Upande mwingine wa jambo hili ni wazazi wa watoto wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Inaanza na koo kuuma, bakteria anaitwa streptokoka, koo halitibiwi, mwili unapigana naye na kwa bahati mbaya unaumiza valvu za moyo. Mtoto huyo anahitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, miaka kwa miaka, mara nyingi mpaka anakuwa mtu mzima. Sindano yenyewe inauma hasa. Mama anamwinda mtoto anayejificha chini ya kitanda, anambeba hadi zahanati, anaambiwa dawa imekwisha, ajaribu kesho. Kesho anamwinda tena. Na kila akimshika kwa nguvu anajiuliza kama mtoto atakuja kumchukia. Zahanati inayoishiwa penisilini ijue kwamba safari hiyo iliyopotea ina mtu aliyeilipia.

Sasa mwili wa huyu anayeuguza. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walichapisha utafiti juu ya wazee waliokuwa wakiwatunza wenzi wao wa ndoa. Baada ya miaka 4 ya kuwafuatilia, wale waliotunza huku wameelemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyo kubwa kwa asilimia 63 kuliko wenzao wasiokuwa na jukumu hilo. Mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine mkubwa hukohuko Marekani, ukaonyesha kwamba wanaotunza ndugu zao, wakichukuliwa kwa ujumla wao, walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wasiotunza. Wapo wanaoona kwamba tafiti hizi zinagombana. Mimi naziona zinasema jambo moja. Kumtunza umpendaye hakumwui mtu, pengine kunamtia nguvu na kumpa sababu ya kuamka. Kinachoua ni kuelemewa: kufanya peke yako, bila usingizi, bila mbadala, bila mtu wa kukwambia kwamba umefanya vema. Kuelemewa kunaweza kuzuiwa, na hapo ndipo pa kushika.

Angalia na hili. Mume na mke wamekula sufuria moja miaka thelathini, chumvi ileile, mafuta yaleyale, mawazo yaleyale. Presha iliyouchosha moyo wa mmoja ina kila sababu ya kuwa inamnyemelea mwenzake. Lakini tangu mume augue, mke hajaenda kliniki yake. Vidonge vyake vya presha alivinunua mara ya mwisho kabla ya mfungo, kisha fedha zikaelekezwa kwa mgonjwa. Kichwa kinamgonga, anasema ni usingizi. Ombi langu kwa kliniki zote za moyo nchini, kubwa na ndogo: mnapompima presha mgonjwa, mfungeni mkanda uleule na aliyemleta. Kipimo kiko mezani, muuguzi yuko mezani, inachukua dakika chache. Mwandikeni jina lake na namba yake kwenye faili la mgonjwa. Na kabla hamjamruhusu mgonjwa kutoka wodini, mkalisheni huyu chini, aonyeshwe dawa moja moja, aulizwe anapikaje, aambiwe dalili gani za kukimbilia hospitali na zipi zinaweza kungoja asubuhi.

Mtu ataniambia nchi haina uwezo huo. Nchi hii iliwahi kufanya makubwa zaidi ya hayo wakati ilipokuwa na hali ngumu kuliko leo. Wakati wa miaka mibaya ya Ukimwi, kabla dawa hazijapatikana kwa wote, watu walikuwa wanauguzwa nyumbani, na jamii ikajifunza kwenda nyumbani. Shirika la WAMATA, la kupambana na Ukimwi, lilianzishwa mwaka 1989. PASADA kule Temeke, chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, ilikuwa na watu waliokwenda mlango kwa mlango. Walifundisha namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda na namna ya kumwogesha, na walikaa na yule anayeuguza wakamsikiliza, jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko yote. Tuliiita huduma ya wagonjwa majumbani, na serikali ikaipokea ikaifanya yake. Mgonjwa wa moyo hakuwahi kuingizwa humo ipasavyo. Yeye alionekana ni mtu wa hospitali kubwa, mtu wa mashine.

Nafasi ya kurekebisha ipo mbele yetu. Mwezi wa Januari mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kufikisha wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa awamu. Hawa watakuwa wanazunguka mitaani na vitongojini. Wapewe mzani wa kupita nao nyumba kwa nyumba kwa wagonjwa wa moyo. Wafundishwe habari za chumvi na magadi. Waambiwe pia kwamba zile dawa za maumivu zinazouzwa ovyo, kama diklofenaki, zinamzuilia mgonjwa wa moyo maji mwilini na zinaweza kumrudisha wodini. Na katika karatasi zao za kujaza kuwe na mstari mmoja unaomhusu anayeuguza: amelala? amekula? amepimwa?

Kisha kuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilivyotungwa mwaka 2004 ilimpa mwajiriwa angalau siku 4 za likizo ya malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kwa mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu na ndugu wa tumbo moja, kifungu hicho kilitaja kufariki tu. Sikiliza tena, msikilizaji. Mkeo akifa unapewa siku za kumzika kwa malipo. Mkeo akiwa hai anahema, kifungu hicho hakikupi siku ya kukaa naye. Wabunge wetu, likizo ya malipo ya kumwuguza mwenzi au mzazi iandikwe. Najua wengi wanaouguza hawana mwajiri, wanajiajiri wenyewe barazani na sokoni. Hao sheria ya kazi haitawafikia, ndiyo sababu nimeanza na wahudumu wa mitaani.

Yapo ambayo hayangoji serikali. Ukoo wenye mgonjwa wa moyo ukae kikao, kama tunavyokaa kwa harusi na kwa msiba. Kwa harusi tunaunda kamati yenye mweka hazina, na kila mtu anajua ahadi yake. Kwa mgonjwa wa miaka mitano hatuundi chochote, tunamwachia mke. Kikao kigawe kazi kwa majina na kwa siku: nani analala pale Jumatano usiku, nani anakwenda kliniki mwezi huu, nani ananunua dawa za mwezi ujao. Anayetuma pesa kutoka mbali atume na za kumlipa msaidizi. Anayeuguza apewe siku yake ya wiki ya kutoka nje ya nyumba, kwenda kanisani, msikitini, saluni, kwa dada yake, bila kuulizwa amekwenda kufanya nini. Na maagizo kwa mgonjwa, hasa ya chumvi na dawa, yasomwe mbele ya ndugu wote, na mgonjwa mwenyewe akiwepo, ili siku mke akisema "hapana" isionekane ni roho yake mbaya.

Mwisho nazungumza na wewe unayenisikiliza huku unakanda unga, au umeketi kwenye benchi la wodi na simu sikioni. Dawa zako mwenyewe usiziache. Ukianza kulia bila sababu, ukikosa usingizi hata mgonjwa anapolala, ukijikuta unatamani yote yaishe kisha unajichukia kwa kuwaza hivyo, ujue mawazo hayo yamewapata watu wengi wema, na yanatibika. Mwambie mtu wa afya waziwazi. Siku ya kliniki ijayo, mgonjwa wako akishapimwa presha, usiinuke kitini. Kunja mkono wa nguo na useme, "Naomba na mimi mnipime." Wakikwambia hujaandikishwa, mkitoka hapo pitia zahanati ya mtaani kwenu upimwe kabla hujarudi jikoni.